Michungwa Iliyozaa Malimau

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Lornah alipanga foleni kwenye bomba la mtaa wa Kaloleni akiwa na mitungi miwili ya plastiki. Mtungi mmoja ulikuwa wa nyumbani. Wa pili ulikuwa wa miti. Nyuma ya nyumba yao, kati ya ukuta wa bafu na ua wa michongoma, ilisimama michungwa mitatu ya baba yake. Udongo wa hapo ni ule mweusi wa Kisumu. Wakati wa kiangazi hupasuka mpaka unaweza kutia mkono ndani ya ufa, na mvua ikinyesha hugeuka tope la kung'oa kiatu mguuni. Mvua yenyewe haikuwa na ahadi. Mwaka huu itaanza Machi, mwaka ujao itakuja mwisho wa Aprili kwa kishindo, iezue paa la jirani kisha ipotee. Kwa hiyo Lornah, mwanafunzi wa darasa la saba mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alibeba maji.

Baba yake, Dalmas, alikuwa fundi wa baiskeli pale Kondele. Aliipenda ile miti kupita kiasi. Mgeni hakuweza kumaliza chai kabla hajapelekwa nyuma ya nyumba kuiona.

"Niliinunua sokoni Kibuye mwaka wa themanini na tisa," alikuwa akisema. "Kiangazi kilichofuata, miche yote ya mtaa huu ilikufa. Yangu ilikauka kidogo, halafu ikachipuka upya. Unajua ni kwa nini? Ni huyu binti yangu. Alikuwa na miaka tisa tu, lakini aliimwagilia kila jioni. Mkono wake una baraka."

Lornah aliinamisha kichwa kila aliposikia sifa hizo. Wageni walidhani ni haya.

Mwaka huo wa 1993, miti ilizaa kwa mara ya kwanza. Matunda yalikuwa makubwa kuliko ngumi ya mtu mzima, na yalipokaribia kuiva yalianza kugeuka manjano. Rafiki yake Lornah, Nekoye, aliyatazama akakunja uso.

"Haya ni machungwa kweli? Mbona ganda lina vilima na mabonde?"

"Ni ya kisasa," Lornah alimjibu kwa maringo.

Baba alipiga marufuku mtu yeyote kuonja. Malimbuko, alisema, ni ya nyumba ya Mungu. Jumapili moja ya mwezi wa Julai alichuma matunda ishirini, akayapanga ndani ya kikapu, akavaa koti lake la kijivu, na familia nzima ikaenda kanisani.

Baada ya ibada, kama ilivyokuwa desturi, sadaka za mashambani zilipigwa mnada. Mzee Gordon, aliyesimamia mnada, aliuza kuku, akauza ndizi, kisha akainua kikapu cha Baba juu.

"Ndugu zangu, machungwa ya Kaloleni! Hebu tuonje kwanza utamu wa kazi ya mikono."

Alikata tunda moja, akatia kipande kinywani. Jicho moja likafumba. Mdomo ukajikunja. Mabega yakapanda mpaka masikioni. Kanisa zima likanyoosha shingo kungoja neno lake.

"Bwana Dalmas," alisema hatimaye, machozi yakimlengalenga, "umemletea Mungu malimau!"

Kicheko kilichozuka pale kilitikisa mabati. Wazee walicheka, wanakwaya walicheka, hata mchungaji aligeukia ukutani mabega yakimtetemeka. Baba alisimama wima katikati ya kicheko hicho. Lornah aliuona uso wake, na hasira ikampanda kooni kama chakula cha moto. Walikuwa wakimcheka baba yake! Mtu aliyengoja miaka minne!

"Tumetapeliwa," Baba alisema kwa sauti ya chini. Alikichukua kile kikapu, akamshika Lornah mkono. "Twende Kibuye."

Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye. Walipita kwenye marundo ya mitumba, wakapita wauza mihogo na dagaa wa omena, mpaka pembeni ambako miche ilipangwa kwa safu ndani ya mifuko myeusi ya plastiki. Muuzaji alikuwa mwanamke mnene mwenye kitambaa cha samawati kichwani. Jina lake lilikuwa Wangui, lakini soko zima lilimwita Mama Mureithi.

"Wewe mama!" Baba alipaza sauti hata wauza nyanya wakageuka. "Mwaka wa themanini na tisa uliniuzia miche mitatu ya michungwa. Tazama nilichovuna!"

Aliyamwaga matunda miguuni pake. Mama Mureithi aliokota moja, akalikwaruza kwa ukucha, akanusa.

"Hili ni limau," alisema.

"Aha! Anakiri!"

"Nakiri kwamba ni limau. Sikiri kwamba nilikuuzia mlimau. Niambie, Baba. Tawi lililozaa haya lilitoka juu ya kovu la mti au chini yake?"

"Kovu gani? Usinizungushe, mama!"

Watu walikuwa wamejaa. Lornah hakuweza kuvumilia tena. "Tumebeba maji miaka minne!" alipiga kelele. "Kila siku! Baba amechekwa kanisani kwa sababu yako! Wewe ni mwongo! Wewe ni mwizi!"

Hakuwahi kumwambia mtu mzima maneno kama hayo, na siku hiyo hakuna aliyemkanya. Sauti nyingine ilisikika kutoka nyuma: "Watu wa kuja hawa, watatujali nini?"

Mama Mureithi aligeuka kumtafuta aliyesema, lakini mwenye maneno alijificha. "Nimekaa Kisumu miaka kumi na tisa," alisema, na sasa sauti yake pia ilikuwa imepanda. "Wanangu wote wamezaliwa hapa. Hii miche naikuza kwa mikono hii. Sikiliza nikwambie, hata kama hutaki kusikia." Aliinua mche mmoja, akaonyesha uvimbe mdogo kwenye shina, upana wa kiganja kutoka ardhini. "Hapa ndipo kovu. Chini ya hapa ni mlimau, kwa sababu mlimau una mizizi ya kuvumilia jua letu. Juu ya hapa ni mchungwa, ambao niliuunga mimi. Sehemu ya juu ikifa, ile ya chini huchipuka. Ukiiacha ikue, utavuna malimau. Kwa hiyo nauliza tena: sehemu ya juu ilikufa?"

"Haikufa!" Baba alijibu. "Mtoto huyu aliimwagilia kila jioni. Muulize!"

Macho yote yakamgeukia Lornah.

Ile hasira iliyomjaa tangu kanisani ikamtoka yote kwa mara moja. Alitaka kusema. Alitazama uso wa baba yake, akatazama ule umati, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Mmeona?" Baba alisema.

Mwenyekiti wa wauzaji, Mzee Joram, alifika akipasua umati kwa fimbo yake. Alisikiliza upande huu na ule, kisha akaamua kwamba shauri lingemalizwa Jumapili ifuatayo. Ikithibitika kuwa Mama Mureithi huwadanganya wateja, ataondoka sokoni. Watu walipotawanyika, mtu mmoja alipiga teke mfuko wa mche kana kwamba kwa bahati mbaya. Mwanamke aliyekuwa amekwisha kuchagua miparachichi miwili aliirudisha kwenye safu, akaenda zake.

Siku ya Jumatatu baada ya shule, Lornah alipiga magoti chini ya mti wa kwanza na kuondoa nyasi kavu zilizozunguka shina. Alilipata kovu. Juu yake palikuwa na kisiki kifupi kilichokauka, cheusi, chembamba kama kidole. Machipukizi mawili manene yenye miiba yalikuwa yametoka chini ya kovu. Akaenda kwenye mti wa pili, kisha wa tatu. Yote ilikuwa hivyo hivyo.

Yeye ndiye aliyeikata ile miche ikabaki visiki. Alikumbuka vizuri, ingawa kwa miaka mingi alijitahidi asikumbuke.

Ilikuwa Januari ya mwaka wa tisini. Mama alikuwa amekwenda kwa nyanya huko Seme kujifungua mdogo wake Lornah. Baba aliondoka alfajiri na kurudi jua likizama, na kazi ya kumwagilia miche akamwachia Lornah. Foleni ya bomba ilikuwa ndefu, na kando ya foleni wasichana walikuwa wakiruka kamba. Siku ya kwanza alisema atamwagilia kesho. Kesho yake akasema hivyo tena. Baada ya wiki mbili za jua lile, majani yalikuwa yakivunjika mkononi kama makaratasi. Alishikwa na hofu, akachukua kisu cha jikoni, akakata sehemu zilizokauka na kuzitupa mtaroni. Halafu akamwaga maji mengi sana. Baba alipouliza, alimwambia kwamba amepunguza matawi kidogo, kama walivyofundishwa shuleni. Mvua ilipokuja, machipukizi ya kijani yalitokeza, na Baba akamsifu mbele ya watu. Lornah alizipokea sifa. Alidhani miti ilimsamehe.

Siku tatu nzima hakula vizuri. Alhamisi alasiri, mama yake, Maximilla, alimkuta ameketi kando ya karo la kufulia bila kufua chochote.

"Nyathina, mwanangu, una nini?"

Lornah alimweleza yote, kuanzia kamba mpaka kisu. Mama alisikiliza mikono ikiwa kiunoni. Lornah alipomaliza, Mama hakumpiga wala hakumkemea. Alisema tu, "Baba yako akirudi, utamwambia wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Baba alipofika, kabla hajaegesha baiskeli yake, Lornah alimwambia. Baba alikaa juu ya kigoda na kukitazama kitambaa chenye grisi mkononi mwake.

"Miaka minne," alisema. "Miaka minne nimekusifu."

"Nisamehe, Baba."

"Wewe ni mtoto, nitakusamehe. Lakini hili jambo liishie hapa hapa." Alisimama. "Nimepiga kelele mbele ya Kibuye nzima. Nikirudi kusema nilikosea, nitaweka wapi uso wangu? Jumapili sitakwenda. Mlalamishi asipofika, shauri linakufa lenyewe."

Lornah alihisi ile hasira ya Jumapili ikirudi, lakini safari hii ilikuwa na anwani nyingine. "Baba, halifi! Nekoye na mama yake walikwenda sokoni jana. Hakuna anayenunua kwake. Watu wakipita wanaitana, 'Huyo ndiye mama wa malimau.' Yeye amekosa nini? Kanisani tulichekwa dakika tano ukataka dunia nzima ijue tumedhulumiwa. Yeye amedhulumiwa wiki nzima, na sisi tunataka kunyamaza!"

"Lornah!"

"Mimi ndiye niliyemwita mwizi, Baba. Na mwongo nilikuwa mimi."

Baba aliingia ndani na kufunga mlango. Hakusema neno lingine juu ya jambo hilo Alhamisi hiyo, wala Ijumaa, wala Jumamosi.

Jumapili, Lornah alikwenda Kibuye na mama yake. Mzee Joram alikuwa amekwisha kuketi kwenye kreti ya soda, na wauzaji wenzake wamemzunguka. Mama Mureithi alisimama karibu na miche yake, mikono kifuani. Safu zake zilikuwa zimejaa vile vile kama wiki iliyopita.

"Mlalamishi yuko wapi?" Mzee Joram aliuliza.

"Hayupo," Lornah alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akakohoa. "Lakini mimi nipo, Mzee. Mama huyu hakutudanganya. Mimi ndiye niliyedanganya."

Alieleza. Alipofika kwenye kamba, watu wawili watatu walicheka. Alipofika kwenye kisu, hakuna aliyecheka. Alipomaliza alimgeukia Mama Mureithi. "Nilikuita mwizi. Nisamehe, Mama."

Mama Mureithi hakutabasamu. "Mtoto wa miaka tisa kupendelea kamba kuliko ndoo, hilo halinishangazi," alisema. "Nina wanne. Kinachonichoma ni hawa wengine." Alinyoosha kidole na kukizungusha polepole mbele ya umati. "Mnanunua kwangu kila mvua. Wewe, mapapai yako yametoka wapi? Na wewe, ule mparachichi mlangoni kwako? Nani kati yenu aliuliza swali hata moja? Nilihukumiwa kwa kelele! Na kwa sababu ninatoka mbali, kelele zilitosha!"

Watu walitazama chini. Ndipo mlio wa breki za baiskeli ukasikika, na Baba akashuka, jasho likimtiririka. Alikuwa amevaa lile koti la kijivu.

"Nimesikia sehemu ya mwisho," alisema. "Mama Mureithi, unasema kweli, na mimi nina langu la kuongeza. Siku ile niliponunua miche, wingu lilikuwa limetanda. Wewe ulikuwa ukinieleza jambo, mimi nikifunga miche kwenye baiskeli kwa haraka. Wiki nzima nimejaribu kukumbuka ulisema nini."

"Nilisema, chipukizi lolote likitoka chini ya kovu, likate."

"Ndiyo. Nilikuitikia 'sawa, sawa,' na sikusikia hata neno moja. Hata kama mtoto angemwagilia kila siku, mimi ningeliacha hilo chipukizi nikidhani ni neema." Alivua kofia. "Nilikushutumu mbele ya watu. Mbele ya watu hawa hawa nasema nilikosea. Naomba radhi."

Mzee Joram aligonga fimbo chini. "Shauri limekwisha. Na yeyote atakayetaja tena habari ya mama wa malimau, aje aketi hapa mbele yangu athibitishe." Hakuna aliyejitokeza. Yule mwanamke wa miparachichi alisogea, akainama, akaanza kuchagua tena bila kumtazama mtu machoni.

Mama Mureithi alimtazama Baba. Hasira ilikuwa bado haijamtoka yote. Ilionekana katika namna alivyopangusa mikono yake. "Mnataka kuing'oa hiyo miti?" aliuliza.

"Itafanya nini tena?"

"Wewe nawe, Baba, unapenda haraka! Mlimau wenye mizizi ya miaka minne ni utajiri. Jua la Kisumu haliuwezi. Nitakuja Jumatano."

Jumatano alikuja na kisu kidogo chenye makali ya wembe, na vijiti vya mchungwa vilivyoviringishwa kwenye gunia lenye unyevu. Kwenye kila mti alichagua tawi moja changa lenye afya. Alipasua ganda kwa umbo la herufi T, akapenyeza ndani yake jicho dogo la mchungwa, lile linalochipua tawi, kisha akalifunga kwa ukanda wa nailoni. Lornah alishika gunia na kutazama kila tendo.

"Macho yakibaki kijani baada ya wiki tatu, yameshika," Mama Mureithi alisema. "Hapo nitakata milimau juu yake kidogo kidogo, na nguvu zote za mizizi zitaingia kwenye mchungwa. Weka nyasi kavu shinani, ardhi isichomwe na jua. Mwagilia jioni, wala si saa sita. Na machipukizi ya chini?"

"Nayakata," Lornah alijibu haraka.

Alimwagilia. Julai ilikwisha bila tone la mvua, Agosti ikaleta mvua ya mawe siku moja na jua kali siku kumi. Wiki ya tatu ilipotimia, Lornah alifungua nailoni taratibu. Jicho la mti wa kwanza lilikuwa kijani. La pili pia. La mti wa tatu lilikuwa jeusi, na lilipoguswa lilidondoka.

Alisimama pale na ule ukanda wa nailoni mkononi. Kisha aliuweka mfukoni na kwenda moja kwa moja mpaka Kibuye kwa miguu, bila kubadili nguo.

"Mama Mureithi, moja limekufa," alisema kabla hata ya kusalimu. "Mti wa tatu. Nilimwagilia kila jioni, lakini sijui, labda kuna kitu nilikosea."

Mama Mureithi alimtazama kuanzia vumbi la viatu mpaka usoni, na kwa mara ya kwanza Lornah alimwona akicheka.

"Hata mimi huniharibikia moja katika matatu," alisema. "Mtu akipanda miti kwenye jua hili, lazima mingine ife. Hilo si kosa. Sikiliza, binti yangu. Mara ya kwanza mti wako ulipokufa ulificha, na ukatugharimu miaka minne na jina langu. Leo limekufa jicho, ukaja kusema siku hiyo hiyo. Kosa lililosemwa leo hutengenezwa leo."

Alichukua kisu chake, akakunja gunia, akamwomba jirani yake muuza nyanya amwangalizie miche.

"Twende," alimwambia Lornah. "Jua halijazama."